Wastani wa hali ya ndoa ni 2.1? Jibu kwa mwanafunzi aliyerudishiwa ripoti

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Nimefanya utafiti mdogo kuhusu watu kuridhika na kazi zao. Dodoso langu lilijazwa na watu 120, nikaingiza majibu kwenye programu ya takwimu ya SPSS na kuagiza wastani wa kila safu. Msimamizi wangu amenirudishia sura nzima ya matokeo. Amezungushia duara jekundu mstari unaosema 'wastani wa hali ya ndoa ni 2.1', na pembeni ameandika: 'Maana yake nini?' Amesema pia kwamba maswali yangu yenye majibu ya 1 hadi 5 hayatolewi wastani, ilhali ripoti nyingi nilizosoma zimefanya hivyo hivyo. Zile aina nne za vipimo nilizikariri darasani, ila sijui zinanisaidia nini. Naomba ufafanuzi."

Marahaba, mwanangu. Pole na duara jekundu, ingawa hilo swali la pembeni ni zuri sana. Tuanze nalo, maana ukilielewa, zile aina nne ulizokariri zitajipanga zenyewe kichwani.

Tuchukue watu kumi tu ili hesabu ionekane kwa macho. Tuseme namba ulizogawa ni hizi: 1 hajaoa au hajaolewa, 2 yuko kwenye ndoa, 3 ametalikiana, 4 amefiwa na mwenzi. Kati ya hao kumi, wanne wana 1, watatu wana 2, mmoja ana 3 na wawili wana 4. Jumla ni 21. Gawa kwa kumi, unapata 2.1. Hesabu haina kosa hata kidogo.

Sasa tuseme aliyekuchapia dodoso aliyaorodhesha majibu yale yale kuanzia chini kwenda juu: 1 amefiwa, 2 ametalikiana, 3 yuko kwenye ndoa, 4 hajaoa au hajaolewa. Jumlisha upya: wawili wenye 1, mmoja mwenye 2, watatu wenye 3, wanne wenye 4. Unapata 29, yaani wastani wa 2.9. Watu ni wale wale, hakuna aliyeoa wala kuachwa, lakini wastani umeruka kutoka 2.1 hadi 2.9. Jibu linalobadilika wakati watu hawajabadilika haliwahusu watu. Linahusu mpangilio wa karatasi yako.

Tazama upande wa pili. Ukisema "asilimia 40 hawajaoa au hawajaolewa", sentensi hiyo inabaki kweli, namba yao iwe 1, iwe 4, iwe 700. Na modi, yaani jibu lililojitokeza mara nyingi zaidi, ni lile lile kwa mipangilio yote miwili.

Jaribio lenyewe ndilo hilo, na ndilo moyo wa somo zima: zibadilishe namba zako kwa namna isiyopotosha ukweli, kisha uangalie kama jibu lako bado limesimama. Likianguka, hukuwa na haki ya kulitoa. Aina nne za vipimo ni njia nne tu za kujibu swali moja: hizi namba naweza kuzibadilisha kwa uhuru kiasi gani bila kusema uongo?

Aliyezipanga hivyo ni mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Stanley Smith Stevens, katika makala aliyoichapisha mwaka 1946 kwenye jarida la Science. Kabla yake, kamati ya wanasayansi wa Uingereza ilibishana kwa miaka saba kama hisia za binadamu zinapimika, na haikufikia muafaka. Stevens akaligeuza swali. Badala ya kuuliza kama kitu kinapimika au hakipimiki, akauliza kinapimika kwa kipimo cha namna gani. Vitabu vyetu huviita vipimo hivyo kwa majina tofauti: nomino au vya majina, odinali au vya mpangilio, intavali au vya vipindi sawa, na vya uwiano. Usigombane na majina, chagua moja ulitumie mpaka mwisho wa ripoti.

Hali ya ndoa ni kipimo cha majina. Namba pale ni lebo, sawa na namba ya jezi mgongoni mwa mchezaji. Jinsi iko hapo, dini iko hapo, hata namba ya dodoso na namba ya simu ziko hapo, ingawa zinaonekana kama namba kwelikweli. Unaruhusiwa kuzibadilisha utakavyo, mradi watu wawili wa makundi tofauti wasipewe lebo moja. Unachobaki nacho ni kuhesabu wangapi wako wapi, kutoa asilimia, na kutaja modi. Ukitaka kujua kama hali ya ndoa ina uhusiano na jinsi, jaribio la kai mraba linatosha kabisa, maana nalo halifanyi lolote zaidi ya kuhesabu vichwa.

Najua utaniuliza swali ambalo wanafunzi wengi huniuliza hapa: "Mbona idadi ya watoto inatolewa wastani wa 2.4 na hakuna anayecheka, wakati hakuna mtu mwenye watoto wawili na nusu kasoro?" Swali halali. Jibu lake ni kwamba 2.4 inarudi kwenye kitu halisi. Ukiwa na kaya 50 zenye wastani huo, zidisha: kuna watoto 120, unaweza kuwapanga mstari ukawahesabu. Zidisha 2.1 ya hali ya ndoa kwa watu kumi, unapata 21. Ishirini na moja nini? Hakuna wa kumpanga mstari. Kwa hiyo desimali yenyewe si dalili ya kosa. Kosa ni jumla isiyo na mwenyewe.

Kiwango cha elimu ni hadithi nyingine. Tuseme umeweka 1 msingi, 2 sekondari, 3 stashahada, 4 shahada. Hapa kuna ngazi: mwenye 3 amesoma zaidi ya mwenye 2. Huwezi kuzichanganya namba hizi ovyo kama lebo za ndoa. Lakini ngazi zenyewe hazina urefu sawa. Umbali kutoka msingi hadi sekondari haulingani na ule wa kutoka stashahada hadi shahada, na hakuna aliyewahi kuupima. Ndiyo maana kinaitwa kipimo cha mpangilio: unajua nani yuko mbele ya nani, hujui kwa kiasi gani. Mfano ninaoupenda ni wa mawe. Mwaka 1812 Friedrich Mohs aliyapanga madini kwa ugumu kuanzia 1 hadi 10 kwa kuangalia lipi linalikwaruza lipi. Almasi ni 10, yakuti ni 9. Ukizisoma namba hizo juu juu utadhani almasi imeizidi yakuti kidogo tu. Kwa vifaa vinavyopima ugumu moja kwa moja, pengo kati ya 9 na 10 ndilo kubwa kuliko mapengo yote ya ngazi ile. Mohs hakukosea, kwa sababu hakudai kupima pengo. Alidai kupanga foleni.

Na foleni ndiyo inayotufikisha kwenye maswali yako ya 1 hadi 5, yale ya "siridhiki kabisa" mpaka "naridhika sana". Chukua makundi mawili ya watu watano watano. Kundi la kwanza wamejibu 3, 3, 3, 4, 4. Kundi la pili wamejibu 1, 2, 2, 5, 5. Wastani wa kwanza ni 3.4 na wa pili ni 3.0, kwa hiyo unaandika: "Kundi la kwanza limeridhika zaidi." Lakini nani alikuambia kwamba "naridhika sana" iko hatua moja tu juu ya "naridhika"? Huenda anayesema "sana" yuko mbali zaidi. Mpe 7 badala ya 5. Foleni haijavurugika, 7 bado iko juu ya 4. Kundi la pili sasa lina 1, 2, 2, 7, 7, jumla 19, wastani 3.8. Ghafla hao ndio walioridhika zaidi! Hitimisho limepinduka kichwa chini miguu juu, na hakuna mtu aliyebadilisha jibu lake.

Angalia namba ya kati, ile inayokaa katikati ukishapanga majibu kuanzia dogo hadi kubwa, ambayo wengine huiita mediani. Kundi la kwanza ni 3. Kundi la pili ni 2. Weka 7, weka 70, bado ni 3 na 2. Ndiyo sababu msimamizi wako ameukataa wastani.

Je, ina maana zile ripoti zote ulizosoma zimekosea? Hapa nakubaliana na msimamizi wako nusu tu. Mtindo huu wa maswali ulianzishwa na Rensis Likert mwaka 1932 (mwenyewe jina lake alilitamka "Likati", si "Laikati" kama tunavyosikia kwenye semina), na yeye hakukusudia swali moja lisimame peke yake. Alikusudia kauli nyingi zinazogusa jambo moja, majibu yake yajumlishwe, ipatikane alama moja ya mtu. Ukiwa na kauli kumi zote zinazohusu kuridhika na kazi, jumla ya mtu inaweza kuanzia 10 hadi 50, na kasoro ndogo ndogo za kauli moja moja huelekea kufutana. Wataalamu wengi huitolea jumla hiyo wastani, nami nafanya hivyo, mradi umehakikisha kauli zinaenda pamoja. Kigezo cha alfa cha Cronbach, cha mwaka 1951, ndicho kinachotumika sana kwa kazi hiyo. Usisahau pia kuzigeuza zile kauli za kukanusha, kama "natamani kuacha kazi hii", kabla ya kujumlisha.

Lakini kauli moja peke yake? Toa asilimia za kila jibu, taja namba ya kati, basi. Ukiandika "wastani wa kauli ya nne ni 3.27" umempa msomaji desimali mbili za uhakika ambao hukuwa nao. Isitoshe, wastani wa 3 unaweza kutoka kwa watu wote waliosema 3, au kwa nusu waliosema 1 na nusu waliosema 5. Ofisi ya kwanza imetulia, ya pili inakaribia kupasuka, na wastani umezifanya mapacha.

Kipimo cha vipindi sawa huwasumbua wanafunzi kupita vyote, wakati sisi wasemaji wa Kiswahili tunatembea nacho mkononi. Tazama saa. Mkutano wa kwanza ni saa mbili asubuhi, wa pili saa nne. Je, saa nne ni mara mbili ya saa mbili? Kwa namba, nne ni mara mbili ya mbili. Lakini simu yako inaandika 8:00 na 10:00, na 10 si mara mbili ya 8. Wakati ni ule ule, jua liko pale pale, ila "mara mbili" imeyeyuka. Kilichobaki salama ni tofauti: saa nne kutoa saa mbili ni saa mbili nzima, na 10 kutoa 8 ni zile zile. Sababu ni kwamba hesabu zote mbili zina hatua sawa, ila sisi tunaanzia alfajiri na wao wanaanzia usiku wa manane. Sifuri ni makubaliano. Penye sifuri ya makubaliano, kutoa kunaruhusiwa, na wastani pia, lakini kusema "mara mbili" hakuruhusiwi.

Joto la selsiasi liko vivyo hivyo. Anders Celsius mwenyewe, mwaka 1742, aliweka 0 maji yanapochemka na 100 yanapoganda, kinyume na leo, ikaja kugeuzwa baadaye. Sifuri inayoweza kuhamishwa kutoka kwenye barafu kwenda kwenye mvuke haiwezi kuwa na maana ya "hakuna joto". Nyuzi 20 haziko mara mbili ya nyuzi 10. Kwa farenhaiti ni 68 na 50. Kwa kelvini, ambayo sifuri yake ni ya kweli, ni 293.15 na 283.15, ongezeko la asilimia 3.5 hivi.

Sifuri ya kweli ndiyo inayotupa kipimo cha uwiano, na hapa sina mengi kwa sababu hesabu zote za shule zinafanya kazi. Uzito, urefu, umbali, umri kwa miaka, idadi ya watoto, dakika za kusafiri hadi kazini. Dakika 40 ni mara mbili ya dakika 20, na ukizigeuza kuwa saa au sekunde, bado ni mara mbili. Ona tu kwamba saa ya kufika kazini ni vipindi sawa, ila muda uliotumika njiani ni uwiano. Neno "saa" ni lile lile, kipimo ni tofauti, kwa hiyo usiangalie jina la safu, angalia ulichouliza.

Kuna mgawanyo mwingine ambao wengi huuchanganya na huu: data za kitaamuli (za sifa na maelezo) na za kiidadi (za namba), na ndani ya za kiidadi, zile za kuhesabu na zile za kupima. Watoto unawahesabu, mmoja, wawili. Urefu unaupima, na kati ya sentimita mbili kuna urefu mwingine mwingi usioisha. Huo unakusaidia kuchagua mchoro. Mchoro wa nguzo zenye mianya unafaa kwa makundi na vya kuhesabu, na histogramu, ile ya nguzo zilizogusana, ni ya vile vya kupima. Usiingize mgawanyo huu kwenye swali la vipimo vinne, utajikuta unajibu maswali mawili kwa pumzi moja.

SPSS haitakusaidia kufikiri. Safu yake ya Measure, ya kutajia aina ya kipimo, ina chaguo tatu (Nominal, Ordinal na Scale), si nne, kwa sababu Scale imebeba vipindi sawa na uwiano pamoja. Hata ukiweka hali ya ndoa kuwa Nominal, amri ya wastani bado itakupa 2.1 bila aibu. Frederic Lord, mtaalamu wa takwimu za mitihani, aliwahi kulitania jambo hili mwaka 1953 kwa kisa cha profesa aliyewauzia wachezaji namba za jezi kwa mashine. Wachezaji wa mwaka wa kwanza wakalalamika kwamba namba zao ni ndogo mno, na mwanatakwimu akatoa wastani wa namba hizo waziwazi, akisema namba hazikumbuki zilikotoka. Wengine hukitumia kisa hicho kama ruhusa ya kutoa wastani wa chochote. Mimi nakisoma tofauti. Wastani ule haukusema lolote kuhusu wachezaji, ulisema kitu kuhusu mashine, kama iligawa kwa haki au ilichezewa. Namba hazikumbuki, ndiyo. Kukumbuka ni kazi yako.

Kabla hujarudisha ripoti, kagua 99. Niliwahi kupewa jedwali ambalo wastani wa watoto ulikuwa mkubwa kupita akili. Aliyeingiza data alitumia 99 kwa asiyejibu, akasahau kuiambia programu. Watu tisa wenye jumla ya watoto 18 wana wastani wa 2. Ongeza mmoja mwenye "watoto 99" na wastani unakuwa 11.7. Ile 99 ilikuwa lebo ya kimya, ikaingia kwenye foleni ya watoto halisi. Vivyo hivyo, kama "sijui" uliipa namba 3 katikati ya skeli yako, itenganishe. Asiyejua hayuko nusu njia kati ya kuridhika na kutoridhika.

Kwa hiyo, kwenye sura yako: futa wastani wa jinsi, wa hali ya ndoa na wa namba za dodoso. Elimu ibaki na asilimia na ngazi ya kati. Watoto na dakika za safari viache na wastani wake, ila kama watu wachache wanasafiri mbali sana, weka na namba ya kati kando yake. Kauli zako za kuridhika na kazi zijumlishe kwa kila mtu, toa alfa, kisha wastani wa jumla hizo, na uandike sentensi moja ya kueleza kwa nini umefanya hivyo. Msimamizi akiona umeijua hoja yake, mara nyingi atakuachia.

Umri ndio unaonisikitisha kidogo kama uliukusanya kwa makundi, 18 hadi 25, 26 hadi 35, na "56 na zaidi", kama madodoso mengi yafanyavyo. Ungeuliza miaka, ungeweza kuunda makundi baadaye jinsi unavyotaka. Kutoka kwenye makundi kurudi kwenye miaka hakuna njia, na lile kundi la mwisho halina hata ukomo wa juu. Kwa sasa toa asilimia za kila kundi na utaje kundi ambamo mtu wa kati ameangukia. Na kwenye dodoso lijalo, acha nafasi tupu yenye swali: una miaka mingapi?